Bata: Jina la Familia, Fedha za Mama na Kazi ya Dada



Mwezi wa tisa ukikaribia, mama wa mji huu huhesabu vitu vitatu: madaftari, yunifomu ya bluu na nyeupe, na viatu. Tangu mwaka 2019, masomo ya msingi katika shule za serikali yalipotangazwa kuwa ya bure, mzigo mmoja ulipungua. Lakini viatu havikuingia katika bure hiyo. Mtoto hukua bila kuuliza mfuko wa mama yake. Mguu uliovaa namba 30 wakati wa Pasaka unataka namba 32 shule zinapofunguliwa. Tena sisi hatununui viatu kwa urembo tu. Minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu mitupu inayokanyaga udongo wenye unyevu, na udongo wetu wa Tshopo, kwa mvua tunazozijua, haukauki mara nyingi.

Katika mkutano wetu tulikuwa tukizungumza habari hiyo ya viatu vya shule. Mmoja wetu akasema kwamba kiatu kizuri ni kile cha Bata, kama vile walivyovaa wazee wetu. Dada mwingine, aliye kijana, akacheka akauliza, “Huyu Bata ni nani? Ni yule ndege?” Wote tukacheka, kwa maana kwa Kiswahili bata ni ndege wa majini, na kwa Lingala tunasema libata, karibu vilevile. Lakini kicheko kilipoisha, tuliona kwamba hakuna aliyekuwa na jibu. Wengine walisema ni kampuni ya Kenya. Wengine walisema ni ya hapahapa, ya wakati wa Zaire. Mama mmoja alisema ni jina la Mbelgiji fulani.

Tuliona vema kutafuta habari hiyo na kuiandika hapa, kwa sababu mbili. Ya kwanza, wenzetu watano wameanza kutengeneza sandale za mpira na kikwembe, na sasa wanataka jina la kuziuzia. Ya pili ni jambo lililompata mwenzetu mjane, ambalo tutalisimulia mbele. Mambo hayo mawili yana swali moja ndani yake: jina likiandikwa juu ya kazi, limeandikwa jina la nani, na nani ameachwa nje?

Bata si ndege, si Mbelgiji, wala si kampuni iliyozaliwa Afrika. Ni jina la familia moja ya mafundi wa viatu kutoka mji mdogo wa Zlín, katika nchi ambayo leo inaitwa Ucheki. Wakati ule mji huo ulikuwa chini ya dola la Austria na Hungaria. Katika familia hiyo, kushona viatu kulikuwa kazi ya kurithi, baba kwa mwana, vizazi na vizazi. Walishona nyumbani na kuuza sokoni, kama mafundi wetu wanaokaa chini ya mwavuli na sindano, gundi na kopo la rangi.

Mama wa nyumba hiyo alikufa watoto wake wakiwa bado wadogo. Kuna fedha alizowaachia. Tarehe 24 Agosti 1894 watoto wake watatu, Antonín, Anna na Tomáš, walifungua karakana yao wenyewe kwa urithi huo wa mama yao, florini 800. Tomáš, ambaye dunia ilikuja kumjua kuliko wote, alikuwa na miaka 18 tu. Waliajiri watu kumi, wakaweka saa za kazi na mshahara wa kila wiki. Katika kazi ya ushonaji viatu ya siku zile, hilo lilikuwa jambo jipya, kwa maana fundi alizoea kulipwa siku bwana wake akipata.

Wamama, tusimame kidogo hapa. Kampuni ambayo jina lake limefika mabara yote ilianza kwa fedha zilizotoka kwa mama marehemu. Katika masimulizi mengi mama huyo hupata mstari mmoja tu. Na kati ya watoto watatu walioanza, mmoja alikuwa msichana. Anna hakuwa mgeni wala mfanyakazi wa kaka zake. Alikuwa mmoja wa walioianzisha, pamoja nao.

Mwaka uliofuata, 1895, mambo yalikuwa mabaya. Madeni yalizidi, na ngozi ilikuwa ghali. Sisi wa likelemba tunajua hali hiyo vizuri: mtaji umekwisha, wenye kudai wako mlangoni, na bidhaa haiendi. Tomáš alitafuta njia. Kwa kuwa hakuwa na fedha za ngozi, alishona viatu vya kitambaa kigumu cha turubai, na ngozi kidogo tu mahali palipohitaji nguvu. Viatu hivyo vilikuwa vyepesi na vya bei nafuu, na watu wa kazi walivipenda. Karakana ikakua kutoka watu kumi hadi hamsini. Umaskini wa ngozi ndio uliowapa bidhaa yao ya kwanza kubwa. Wenzetu wanaotumia mabaki ya kikwembe kwa sababu hawawezi kununua ngozi wasione haya. Njia hiyo imepitwa na wengine kabla yao.

Kampuni ilipokua, iliitwa T. & A. Baťa. T ni Tomáš. Na A? Dada yetu mmoja aliposikia hivyo alifurahi akasema, “A ni Anna!” Hapana. A ni Antonín, kaka. Anna alikuwa na herufi hiyohiyo mwanzoni mwa jina lake, lakini herufi ile haikuwa yake. Antonín mwenyewe alikufa mwaka 1908 kwa kifua kikuu, na bado herufi yake iliendelea kukaa kwenye jina la kampuni. Mwanamume aliyekufa alibaki kwenye kibao. Mwanamke aliyeanza pamoja nao hakuwahi kupanda kibao hicho.

Hatusemi hivyo ili kumtukana Tomáš. Alikuwa mtu wa kazi. Mwaka 1904 alisoma katika gazeti habari za mashine za viatu za Marekani. Alichukua wafanyakazi watatu, akavuka bahari hadi mji wa Lynn, karibu na Boston, katika jimbo la Massachusetts, na akakaa huko miezi sita akijifunza. Lynn ulikuwa mji wa viatu. Aliporudi Zlín alileta namna mpya ya kutengeneza viatu vingi kwa wakati mmoja.

Na hapo Lynn kuna jina jingine ambalo watoto wetu wanapaswa kulijua: Jan Ernst Matzeliger. Alizaliwa mwaka 1852 Paramaribo, katika Suriname, nchi ya Amerika ya Kusini iliyokuwa koloni la Uholanzi. Baba yake alikuwa mhandisi Mholanzi. Mama yake alikuwa mwanamke mweusi, wa damu ya Afrika, katika nchi ambayo utumwa ulikuwa bado haujakomeshwa. Matzeliger alifika Lynn akiwa kijana na akapata kazi katika kiwanda cha viatu. Wakati ule mashine zilikuwa zimekwisha kujifunza kukata na kushona, lakini kazi moja ilikuwa imezishinda zote, nayo ni kuvuta ngozi ya juu ya kiatu juu ya kalibu yenye umbo la mguu na kuibana kwenye soli. Mikono ya mafundi tu ndiyo iliyoweza. Fundi hodari alimaliza jozi kama 50 kwa siku, na viwanda vilimngoja yeye.

Watu walisema hakuna mashine itakayoweza kufanya hivyo. Matzeliger alijaribu usiku baada ya kazi, kwa miaka, kwa vipande vya mbao na vyuma vya kuokota. Tarehe 20 Machi 1883 alipewa hati ya uvumbuzi wake. Mashine yake iliweza kumaliza kuanzia jozi 150 hadi 700 kwa siku. Bei ya viatu ikashuka, na watu ambao hawakuwahi kuvaa viatu vipya wakaanza kuvivaa. Lakini ili apate fedha za kuijenga mashine hiyo, ilimbidi kuwapa wenye mtaji sehemu kubwa ya haki zake. Alikufa kwa kifua kikuu tarehe 24 Agosti 1889, akiwa na miaka 36. Miaka mitano baadaye, siku ileile ya Agosti, karakana ya watoto wa Bata ilifunguliwa. Viwanda ambavyo Tomáš alivitazama Lynn vilisimama juu ya kazi ya mtoto huyu wa mwanamke mweusi, na hakuna kiatu sokoni chenye jina la Matzeliger.

Katika mwaka huohuo wa 1904, mwana mwingine wa familia ya viatu alikuwa Massachusetts. Aliitwa Eugène Blanchard, na baba yake, Édouard Blanchard, alikuwa amefungua kiwanda huko Limoges, Ufaransa, mwaka 1891. Eugène alijifunza kazi katika mji mdogo unaoitwa Weston, na aliporudi Ufaransa jina la mji huo ndilo lililokuja kuwekwa kwenye viatu vyao: J.M. Weston. Vijana wetu wa sape wanalijua jina hilo kuliko sisi. Wako walio tayari kula mara moja kwa siku ili mguu uvae Weston. Wengi wao hudhani Weston ni bwana mmoja tajiri wa Paris. Kumbe ni jina la kijiji cha Marekani, na familia iliyofanya kazi ni Blanchard. Basi jina juu ya kiatu linaweza kuwa la familia kweli, linaweza kuwa la kuazima, na kwa vyovyote halisemi habari yote.

Sisi watu wa Kisangani tusishangae. Wazee wetu walizaliwa katika mji ulioitwa Stanleyville, na jina la Kisangani liliwekwa rasmi mwaka 1966. Na huyo Stanley, ambaye jina lake lilikaa juu ya mji wetu miaka mingi, hakuzaliwa Stanley. Alizaliwa Wales akiitwa John Rowlands, na akajichukulia jina la mfanyabiashara mmoja wa New Orleans, Marekani. Mji mzima ulibeba jina la kuazima, na huku Wagenia walikuwa wakivua samaki kwenye maporomoko yaleyale kabla yake na baada yake.

Turudi kwa Bata. Baada ya Vita Kuu vya kwanza, fedha za nchi yao zilivurugika na watu hawakuweza kununua. Mwaka 1922 Tomáš alifanya jambo ambalo wafanyabiashara wengine walilicheka: alikata bei ya viatu vyake kwa nusu. Wafanyakazi walikubali mshahara kupunguzwa kwa asilimia 40, na kampuni ikawauzia chakula na mahitaji kwa nusu ya bei. Viatu viliisha madukani, viwanda vikapanuka, na Zlín ukawa mji wa Bata, wenye nyumba, shule na hospitali za kampuni. Tarehe 12 Julai 1932 Tomáš alikufa ndege yake ilipoanguka katika ukungu. Mdogo wake wa baba mmoja, Jan Antonín, akashika uongozi. Vita vilipokaribia, mwana wa Tomáš, naye akiitwa Tomáš, alikwenda Kanada mwaka 1939 na kuanza upya. Mwaka 1945 serikali ya nyumbani ilitaifisha viwanda vya Zlín. Familia ikapoteza mahali ilipozaliwa, ikabaki na jina na matawi ya nje.

Matawi hayo ndiyo tuliyoyajua sisi. Kule Kenya kiwanda cha Bata kilijengwa Limuru, na hadi leo kinatengeneza viatu, hata watu wengi wa Afrika Mashariki wanaamini kwamba Bata ni wa kwao. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilichukua sehemu kubwa ya kampuni ya Bata, na baadaye viatu vikaitwa Bora. Hapa Kongo pia jina hilo lilikuwako, na wazee wetu wanalitaja bado. Leo viatu vya watoto wetu vinakuja kwa mashua kutoka Kinshasa, au kwa barabara ndefu kutoka Butembo na Beni, vingi vikiwa vya mitumba ambavyo majina yake yamefutika chini ya kisigino.

Kuna mwanamke mmoja aliyeingia katika familia ya Bata na hakukubali kusahauliwa. Aliitwa Sonja, mzaliwa wa Uswisi. Alikuwa mwanafunzi wa usanifu wa majengo, na mwaka 1946 akaolewa na Tomáš yule wa pili. Badala ya kukaa nyuma ya mume tu, aliingia katika kazi, na kila aliposafiri alikusanya viatu vya watu wa makabila na nyakati mbalimbali. Mwaka 1995 nyumba ya makumbusho ya viatu ilifunguliwa mjini Toronto kwa kazi yake, na ina maelfu ya viatu. Alikufa mwaka 2018. Yeye alipata nafasi ambayo Anna hakuipata. Tofauti yao si akili. Huyu alikuwa na wakati, fedha, na jina lake likaandikwa.

Sasa tunakuja kwa mwenzetu. Hatutamtaja kwa jina wala kutaja ukoo wa mume wake. Anakaa Mangobo. Mume wake alikuwa fundi wa viatu, na kibao cha kibanda chake kiliandikwa jina lake yeye. Mashine ya kushonea ngozi ilinunuliwa zamu ya likelemba ilipomfikia mke. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni kuuza mihogo, mke ndiye aliyepaka gundi na kupanga soli. Mume alipokufa, kabla ya siku za msiba kwisha, ndugu walikuja wakabeba mashine, ngozi na vyombo. Walisema, “Kibao kina jina la ndugu yetu.” Mwenzetu alibaki na watoto wanne na mwavuli.

Daftari ndilo lililomsaidia. Katibu wetu alikuwa ameandika katika daftari la likelemba tarehe, kiasi cha franka, na neno moja: “mashine.” Chini yake kulikuwa na sahihi ya mwenzetu. Tulikwenda na daftari hilo mbele ya wazee wa familia, sisi wamama saba, bila kelele na bila matusi. Tuliwasomea. Mzee mmoja akaliomba, akalitazama mwenyewe, na baada ya ukimya mrefu akasema mashine irudishwe. Ilirudi. Ngozi na vyombo havikurudi mpaka leo. Leo mwenzetu huyo ni mmoja wa wale watano wanaotengeneza sandale.

Tulimwuliza wakili mmoja atusaidie kuelewa sheria inasema nini, nasi tunawaandikia kwa ufupi. Sheria ya Familia ya nchi yetu ni ya tarehe 1 Agosti 1987, nayo ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Zamani mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mume kwa matendo mengi ya kisheria, hata kufungua biashara. Marekebisho ya 2016 yaliondoa sharti hilo. Kuhusu mali, kama mume na mke hawakuchagua utaratibu mwingine siku ya ndoa, mali waliyoipata kwa kazi ndani ya ndoa inahesabiwa kuwa ya wote wawili. Maana yake ni kwamba mmoja akifa, sehemu ya aliyebaki hutolewa kwanza. Kinachobaki ndicho urithi. Katika urithi huo, watoto ndio warithi wa kwanza na robo tatu ni yao. Mke aliyebaki yuko katika kundi la pili pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Tena ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokuwa wakikaa. Ndugu waliobeba mashine walikuwa wakiwanyang’anya watoto wa ndugu yao wenyewe.

Lakini sheria huhitaji kitu cha kushika mkononi. Ndoa ya desturi, hata kama mahari yalitolewa yote, iandikishwe kwenye komini. Ambao bado, waende na waume zao wakiwa hai na wakipatana, wasingoje ugonjwa. Risiti ya mashine, ya friji, ya baiskeli ya toleka, iandikwe jina la aliyetoa fedha, au majina ya wote wawili. Mwenye biashara ndogo akilipa patenti, karatasi iwe na jina lake. Biashara ikikua na kufika kwenye regista ya biashara, majina ya wote walioweka mtaji yaingie, pamoja na sehemu ya kila mmoja. Na madaftari ya likelemba yaandikwe fedha zilikwenda kufanya nini, si kiasi tu. Neno moja “mashine” lilifanya kazi kuliko machozi ya siku tatu.

Tena tusiwalaumu wanaume peke yao. Ni sisi tunaosema, “Andika jina la baba watoto, inatosha.” Ni sisi tunaomtuma binti afue wakati kaka yake anajifunza kuhesabu fedha za meza. Siku binti huyo akiolewa, tunasema kazi ya nyumbani haikuwa na mkono wake.

Sasa jina la sandale. Wenzetu watano wamepokea mapendekezo mengi. Wengine wanataka jina la Kifaransa ili ziuzwe Makiso. Wengine wanataka jina la mto wetu, Tshopo. Mmoja alipendekeza zichukue jina la mume wa mwenye nyumba wanamoshonea, kwa sababu ndiye aliyewapa uwanja. Walijadiliana sana juu ya hilo, na hawakupatana. Wamekubaliana jambo moja kwanza: kabla ya jina la kuuzia, karatasi ya makubaliano itaandikwa majina yao matano kamili, pamoja na kile kila mmoja alichokileta, mpira, kikwembe, franka au mashine. Bwana aliyetoa uwanja ataandikwa pia, kama mwenye uwanja. Jina la juu ya sandale linaweza kuwa lolote watakalolipenda, hata la ndege, mradi karatasi ya chini iseme kweli.

Wanaotaka kuona sandale hizo au kuleta pendekezo la jina, waje kwenye mkutano wetu wa wiki ijayo na madaftari ya vikundi vyao. Tutasaidiana kuandika upya kurasa ambazo zina kiasi tu, kuanzia za mwaka huu. Wasiojua kuandika waje pia. Wataweka kidole, na katibu atawasomea kwa sauti kile kilichoandikwa kabla ya kidole kushuka.